Barua ya Chifu Kuhusu Tovuti ya Marehemu

Mume wangu alikuwa fundi wa majoho ya kwaya. Watu wengi hawajui kwamba kazi kama hiyo ipo, lakini ungekaa nasi kazini pale Ngara, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa, ukawasikia wanakwaya wakigombania aina za zambarau, ungejua kwamba ipo, na kwamba haimfai mtu wa hasira. Mimi nilikata, yeye akashona. Jioni alifundisha kwaya ya kanisa letu Kangemi, tulikokuwa tukiishi, na huko nako hakuwa na hasira, ila alikuwa na kijiti cha kugonga meza.

Tovuti tuliipata kwa sababu ya joho moja. Mwanakwaya aliyekuwa akisomea kompyuta alitaka joho na hakuwa na cha kulipia, akasema atatutengenezea ukurasa kwenye mtandao. Ilikuwa miaka ile ambayo kila biashara mjini ilianza kusema "tembelea tovuti yetu", hata muuza samaki. Mume wangu akaandikishwa kwa jina lake kamili katika kampuni moja ya Westlands inayohifadhi tovuti za watu, akapewa akaunti na neno la siri, na kwa wiki nzima alitembea kama mtu aliyebatizwa upya.

Ukurasa wenyewe ulikuwa na picha tatu za majoho na nyimbo nne. Niseme kweli: si nyimbo nne, ni wimbo mmoja ulioimbwa mara nne. Kila mwaka makanisa ya upande wetu hushindana, na kuna wimbo wa lazima ambao kila kwaya huuimba. Wanakwaya wengi hawasomi noti. Hujifunza kwa kusikia, mwalimu akiimba na wao wakirudia, na kama mwalimu hana sauti nzuri, basi na kwaya nzima inamfuata huko huko alikopotelea. Mume wangu akaona awasaidie. Akaenda kwenye chumba cha yule mwanakwaya, wakaziba dirisha kwa blanketi, na kompyuta ikinasa sauti akaimba besi, akaimba teno, akaimba alto, na mwisho akaimba soprano, ile sauti ya juu kabisa ya wanawake. Soprano ya mwanamume mwenye mvi ni kitu cha kusikia mwenyewe. Ilitoka kama mtu anayeita kuku bila kutaka jirani ajue ana kuku.

"Mzee, watu watacheka," nilimwambia.

"Wacheke," akasema, "ila wacheke kwa noti zilizoandikwa."

Mwaka uliofuata aliugua, akafa. Habari za hospitali sitazieleza, kwa sababu hazina tofauti na za watu wengine. Tulimzika kwao, watu wakala, wakaimba, wakaondoka, nami nikarudi Nairobi kukata vitambaa ambavyo hakukuwa na mtu wa kuvishona, mpaka nikajifunza kushona kama yeye.

Nyumbani kulikuwa na picha yake, koti lake na miwani yake. Sauti haikuwepo. Hatukuwa watu wa kurekodi. Kompyuta ya yule mwanakwaya iliibwa, mwenyewe akaenda kusoma ng'ambo, na barua pepe tulizomtumia zikawa zinarudi kama zilivyokwenda. Kwa hiyo sauti ya mume wangu ilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye ile tovuti, na mimi kila Jumapili baada ya ibada nilipitia saiba ya Kangemi kuisikiliza. Saiba ni lile duka la kompyuta za kukodisha. Mwenye saiba alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Alinivalisha vile vidude vya masikioni mwenyewe, kwa sababu mimi niliishia darasa la saba na kompyuta niliiogopa kama mtu anavyoogopa ng'ombe wa mwenzake.

Nilisikiliza besi tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sauti yake ya kuniambia chai imepoa. Nyingine zilikuwa kazi.

Jumapili moja, ukurasa haukufunguka. Kioo kilikuwa cheupe, na katikati kulikuwa na namba 509 na mstari mmoja wa Kiingereza uliosema nijaribu tena baadaye.

Mwenye saiba akavaa miwani. "Mia nne na nne naijua. Hiyo inamaanisha kitu haipo. Mia tano pia naijua, hiyo ni yao wamelala. Lakini hii mia tano na tisa, mama, hii sijawahi kuiona."

"Ni mbaya?"

"Sijui. Haina marafiki hapa."

Akanipa namba ya simu ya ile kampuni ya Westlands, iliyokuwa chini ya ukurasa mwingine. Jumatatu nikapiga kutoka Ngara, nikiwa na mkasi mkononi. Nilisikiliza muziki wa kusubiri mpaka nikamaliza kukata mikono ya majoho ya watoto. Mwanamume akapokea, sauti yake laini na ya kusoma.

"Madam, umezima kompyuta ukaiwasha tena?"

"Kompyuta si yangu, ni ya saiba."

"Basi waambie wazime wawashe."

Waliwasha. Ikawa ile ile. Nilipopiga mara ya pili nilipewa mwanamke, na huyo hakuwa na habari kwamba niliwahi kupiga.

"Hiyo namba haipo, madam. Utakuwa umesoma vibaya. Ni mia tano na tatu."

"Ni tisa. Ina kichwa juu na mkia chini."

"Kwenye orodha yetu hakuna tisa."

"Kwenye kioo iko."

"Basi futa kuki, halafu ujaribu tena."

Sikujua kuki ni nini, na nilipomuuliza mwenye saiba aliniambia ni kumbukumbu ambazo kompyuta hujiwekea kuhusu wewe. Akazifuta zote. Ukurasa ukabaki mweupe. Kwa kweli, mashine zake zilisahau kila kitu kila zilipozimwa, ndivyo alivyoziweka ili wateja wasimharibie, kwa hiyo kulikuwa na kidogo sana cha kufuta.

Mara ya tatu nilimpata tena yule mwanamume wa sauti laini. Akaniomba namba ya malalamiko. Nikasema sikupewa. Akasema bila namba ya malalamiko hawezi kuona malalamiko. Nikasema ninayo hapa mdomoni, nimwambie. Akapumua, akauliza, "Kwani wewe ndiye mwenye akaunti?"

"Ni mume wangu."

"Tunaweza kuzungumza na mwenye akaunti peke yake. Mwambie atupigie."

Nikabaki na simu sikioni. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi ningependa anipigie. Badala yake nilisema asante, nikakata.

Habari hizo zikamfikia shemeji yangu, mdogo wa marehemu, muuza vipuri vya magari. Shemeji hajawahi kukutana na jambo asiloweza kulipitia dirishani. Akaja Ngara akiwa amechangamka.

"Shemeji, hii ni rahisi. Wanataka kuongea na yeye? Wataongea na yeye. Sauti yangu na yake si moja?"

Kweli, zilifanana. Tangu mazishi nilikuwa nikimwomba aongee polepole kwa sababu hiyo hiyo.

"Si vizuri," nikasema.

"Ni mbaya kwa nani? Yeye atakasirika? Angekuwa hapa angecheka mpaka akohoe."

Akaweka simu katikati ya meza ya kukatia, sauti nje, akajikohoza, akajitaja kwa jina la kaka yake kwa ujasiri ambao kaka yake hakuwahi kuwa nao. Yule mwanamume wa sauti laini akafurahi kwelikweli. Hatimaye amempata mwenye akaunti.

"Kwa usalama wako tu, bwana, taja chakula unachokipenda zaidi, kama ulivyojaza kwenye fomu."

Shemeji hakusita. "Nyama choma."

"Sivyo."

"Nyama ya kuchemsha?"

"Sivyo, bwana. Una nafasi moja ya mwisho."

Shemeji akanitazama, nyusi zimepanda hadi kwenye nywele. Jibu nililijua. Nilikuwapo siku ile fomu inajazwa, na aliandika mukimo, akaniuliza kama inaandikwa kwa u au kwa o. Ingetosha nisogeze midomo tu. Nikaisogeza, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Huyu si yeye," nikasema kwenye simu. "Huyu ni ndugu yake. Mwenye akaunti alikufa."

Shemeji akashika kichwa kwa mikono miwili. Upande wa pili ukaanza muziki wa kusubiri, halafu yule mwanamume akarudi na sauti iliyopungua.

"Pole sana, mama." Sikuwa madam tena. "Nimeuliza. Kwa kanuni zetu, mwenye akaunti akifariki, akaunti hufungwa. Itafungwa mwisho wa mwezi ujao na vilivyomo vitafutwa. Kuna kingine naweza kukusaidia leo?"

"Hapana," nikasema. "Umesaidia ya kutosha."

Shemeji hakugomba. Alikaa juu ya marobota ya vitambaa, akatikisa kichwa, akasema, "Shemeji, wewe ukiingia mbinguni watakuuliza kama ulichelewa njiani, na utawaambia ulisimama kununua maziwa." Tukacheka. Halafu tukaacha kucheka, kwa sababu sasa tulikuwa tumepewa tarehe.

Tukaenda Westlands wenyewe. Ofisi ilikuwa juu katika jumba la vioo, na lifti yake ilipanda kwa kasi hadi masikio yakaziba. Kwenye kaunta kulikuwa na mwanamume mwembamba mwenye tai, na alipofungua mdomo nilimjua mara moja. Sauti laini ilikuwa na mwili mdogo kuliko nilivyodhani. Naye alinitambua, akaona aibu kidogo, akatuletea viti.

Nikamwonyesha cheti cha kifo. Akasoma chote, mpaka na upande wa nyuma usio na kitu.

"Mama, mimi ningependa kukusaidia, lakini mfumo hauniruhusu. Kinachotakiwa ni mtu kuthibitisha kwamba wewe ndiye unayerithi. Barua ya mahakama."

"Mahakama ni mwaka," shemeji akasema.

"Au angalau barua ya chifu."

"Kwa ajili ya tovuti?"

"Kwa ajili ya chochote cha marehemu. Ndivyo imeandikwa."

Nikamuuliza, kwa kuwa nilikuwa hapo na miguu ilikuwa imeshapanda, 509 ni kitu gani. Akageukia kompyuta yake, akabonyeza, akabonyeza tena, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu wa kampuni ile akitazama ukurasa wetu. Akasogea karibu na kioo.

"Hii kumbe si kosa," akasema. "Ni kipimo. Kila tovuti ina kiasi chake cha kutumika kwa mwezi. Kikijaa, seva inafunga mlango mpaka mwezi mwingine uanze. Yaani, mama, tovuti yako imesikilizwa mpaka imejaa."

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyeimaliza."

"Wewe husikiliza mara ngapi?"

"Jumapili."

Akacheka kwa upole. "Basi si wewe. Hawa ni watu wengi. Na wanasikiliza kila siku, hasa jioni."

"Watu gani?"

"Mfumo hauonyeshi ni watu gani. Unaonyesha wingi tu."

Njiani kurudi shemeji alisema ni wezi wa mtandao. Mimi nilikuwa nimezoea kudhani kwamba duniani kuna mtu mmoja tu anayekaa kumsikiliza mume wangu, na kwamba mtu huyo ni mimi, tena havai vidude vya masikioni mpaka avalishwe. Sasa nikaambiwa kuna umati. Sikujua kama nifurahi au nione wivu. Niliona wivu kwanza.

Mwezi mpya ulipoanza, ukurasa ukafunguka wenyewe, kama alivyosema. Asubuhi hiyo hiyo nikapigiwa simu na yule mwanamke wa kampuni aliyeniambia hakuna tisa. "Madam, tumeshatengeneza," akasema. Nikamshukuru. Shemeji akaleta redio yake ya kaseti saibani, akaiweka karibu na spika ili tunase sauti kabla haijafutwa. Tulipoisikiliza nyumbani tulisikia makondakta wa stendi, mtu akiuliza kama kuna karatasi ya kuchapisha, na kwa mbali sana, kama mtu aliye ndani ya gunia, mume wangu. Mwenye saiba naye alijaribu kuinakili kwenye mashine, akashindwa. Yule mwanakwaya alikuwa amefungia sauti ndani ya ukurasa kwa namna ambayo unaweza kuisikia lakini huwezi kuondoka nayo.

"Kwani siku za kazi huwa kuna nani hapa jioni?" nikamuuliza mwenye saiba.

"Jioni? Jioni ni hao wa kuimba. Nilidhani unawajua."

Nikaja siku ya pili yake baada ya kufunga duka. Saiba ilikuwa imejaa wanawake. Wengine walikuwa wauza mboga, wamekaa na beseni zao chini ya kiti, wengine wametoka ofisini na viatu vyao vya kubana wamevivua. Walikuwa wawili wawili kwa kila kompyuta, wakigawana vidude vya masikioni, mmoja sikio la kulia, mmoja la kushoto, na wote walikuwa wakiimba soprano kwa sauti ya chini. Hawakuwa kwaya yetu. Walitoka Kawangware, na waliniambia wa Uthiru huja kesho yake, na kwamba alto wana siku zao kwa sababu wakichanganyika na soprano wanapotea. Mwalimu wao mwenyewe ndiye aliyewatuma. Aliwaambia nendeni kwa yule mzee wa kwenye kompyuta, huyo hachoki na hagombi.

Na kila mmoja alipomaliza, mwenye saiba alizima na kuwasha mashine kwa ajili ya mwenzake, mashine ikasahau, na wimbo ukavutwa tena kutoka Westlands toka mwanzo. Nikaelewa jinsi kipimo kinavyojaa.

Nilisimama mlangoni. Wakafika ubeti wa pili, na katikati ya mstari, mahali pasipo na pumziko lolote, wote wakanyamaza kwa pamoja, wakameza mate, wakaendelea. Niliona ajabu. Wakarudia, wakanyamaza pale pale, wakameza mate pale pale.

"Hapo mbona mnasimama?" nikauliza.

"Ndivyo wimbo ulivyo, mama," mmoja akasema, mwenye beseni la sukumawiki. "Sikiliza mwenyewe." Akanipa sikio lake la kushoto.

Nilikuwa sijawahi kuisikiliza soprano hadi mwisho. Mume wangu alikuwa akipanda, akipanda, na katikati ya mstari koo likamkwama, akasimama, akameza mate, akaendelea kama hakuna aliyeona. Kwaya nzima ilikuwa imejifunza hilo koo. Na Uthiru walikuwa wamejifunza. Mwaka huo majaji wangesikia upande wote wa magharibi wa Nairobi ukimeza mate mahali pamoja.

Nikacheka mpaka ikabidi nikae. Wakaniuliza ninacheka nini, nikawaambia mimi ni nani. Kukawa na pole nyingi, na mikono mingi, na mtu akanitilia mafungu mawili ya mboga mfukoni bila kuniuliza. Nikawaambia na lile la kumeza mate. Wakatazamana.

"Sasa tuliache?" akauliza yule wa sukumawiki.

"Sijui. Mimi ni mkataji wa nguo."

Walijadiliana, wakaamua waliache, wimbo uimbwe kama ulivyoandikwa. Mimi nikaenda nyumbani, na wivu sikuutafuta tena.

Kwa chifu wa Kangemi tulifika mapema na bado tukakuta watu kwenye benchi. Mbele yetu kulikuwa na familia mbili za kesi ya mpaka, kila moja imegeuzia nyingine mgongo. Zamu yetu ilipofika, chifu, mtu mkubwa aliyevaa kaki iliyopigwa pasi vizuri, alivuta karatasi bila kututazama.

"Marehemu aliacha nini?"

"Cherehani mbili, Chifu, vyombo vya nyumba, na tovuti. Cherehani hazina shida. Nataka barua ya tovuti."

Akainua macho. "Iko wapi?"

"Westlands."

"Westlands si eneo langu."

"Lakini mwenyewe alikuwa wa hapa."

"Ukubwa wake?"

"Sijui vizuri. Kuna kipimo, watu wakizidi inafungwa."

"Ina mpaka?"

"Mpaka sijauona."

Shemeji akaingilia kueleza kompyuta, seva na mtandao, akaeleza mpaka karani akaacha kupiga taipu. Chifu alimsikiliza kwa heshima, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, hebu niambie kwa maneno yako. Hiyo kitu ni nini?"

"Ni mahali ambapo marehemu ameimba, na watu wakienda wanamsikia."

"Sawa. Hiyo naelewa. Kuna mtu mwingine anaidai?"

"Hakuna," akasema shemeji haraka. "Mimi ndiye ndugu yake, na sidai kitu. Yote ni ya shemeji."

"Kuna watu wanaoitumia?"

Nikahisi kiatu cha shemeji juu ya changu, kikikandamiza. Alikuwa ameniomba njia nzima nisitaje kwaya, kwa sababu mbele ya chifu, akasema, kila mtu unayemtaja anakuwa upande wa kesi.

"Wako," nikasema. "Kwaya za Kawangware na za Uthiru. Na huenda kuna wengine."

"Wanaingia kwa ruhusa ya nani?"

"Ya marehemu. Aliwaimbia wao."

Chifu akaweka kalamu chini. Hata zile familia za mpaka, zilizokuwa zikingoja mhuri mlangoni, zilikuwa zimegeuka kusikiliza.

"Unaona sasa," akasema, "hapa ndipo taabu zote za ofisi hii huanzia. Mzee anaacha watu wapite shambani kwake kwenda mtoni. Mzee anakufa. Mjane anaweka ua, ama anauza, na wale watu wanakuja kwangu na mapanga. Wewe umesema mapema. Wacha niandike mara moja, nisije nikasumbuliwa na kwaya."

Akamwamuru karani aandike, mwenyewe akawa anasema polepole huku akitazama dari. Kwamba mleta barua ni mjane halali wa marehemu na anajulikana kwa ofisi yake. Kwamba tovuti ya marehemu iliyoko Westlands ni mali ya mjane huyo na hakuna ndugu anayepinga. Kwamba hata hivyo wanakwaya wana njia ya kupita humo, waliyopewa na marehemu akiwa hai, na isizibwe. Akapiga mhuri mara mbili, mmoja ukiwa umefifia.

Shemeji alikuwa na wasiwasi. "Wale wa Westlands wataicheka hii."

Hawakuicheka. Yule mwanamume mwenye tai aliisoma mara mbili, akaiingiza ndani kwa wakubwa wake, na tukaketi tukitazama magari yaliyokwama kule chini. Aliporudi alikuwa amebeba ile barua kwa mikono miwili.

"Wamekubali. Akaunti inakuja kwa jina lako. Ila meneja anauliza kuhusu hii njia ya kupita. Mfumo wetu hauna kitu kama hicho."

"Una kitu gani?"

Akafikiri. Akaniambia kuna mambo mawili yanayowezekana. Naweza kuwekewa neno la siri, niwe naingia mimi tu, na kwa mtu mmoja wa Jumapili kipimo hakitajaa kamwe. Au tuiache wazi kama ilivyo, na mwezi ukielekea mwisho, hasa wakati wa mashindano, itakuwa ikijifunga, na nikija nitakuta ile mia tano na tisa.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama. Seva haijui ni nani."

Shemeji hakunikanyaga safari hii. Alitazama nje kwa adabu. Nami nitasema kweli, nilikaa na hilo neno la siri kidogo. Niliwaza juu ya Jumapili bila ule weupe wa kioo. Halafu nikamwaza yule wa sukumawiki akifika na beseni lake, amechoka, akiambiwa aingize neno asilolijua.

"Iache wazi," nikasema. "Imeshapigwa mhuri."

Akabonyeza, akaniandikisha. Ili kuhakikisha kwamba kila kitu kinafanya kazi, akafungua ukurasa, na kwa kuwa hakuvaa kitu masikioni, soprano ya mume wangu ikalipuka katika ofisi nzima. Watu wakainuka kwenye viti vyao. Msichana wa mapokezi akaziba mdomo. Mimi nikawaambia wasione haya, wacheke tu, na wakacheka, na hakuna aliyezima mpaka ikaisha.

Tulipokuwa tukiaga, akasema kama mtu anayekumbuka mwavuli, "Na sasa kwa kuwa wewe ndiye mwenye akaunti, unaweza pia kuomba nakala ya vilivyomo. Kwenye CD."

Nikarudi kwenye kiti. "Nakala? Ya sauti zote?"

"Zote nne. Ni dakika chache."

"Na kwa nini siku zote hizi hakuna aliyeniambia?"

"Hukuuliza, mama," akasema, wala hakuwa na ubaya.

Shemeji alitoka nje kabisa, kwenda kucheka kwenye ngazi. Mimi nikaiomba, akanitengenezea, akaandika kwa kalamu nene juu yake neno moja, "Kwaya". Niliitia ndani ya kitambaa laini nilichokuwa nacho, nikaishika mapajani hadi Kangemi.

Nyumbani hatukuwa na mashine ya kuichezea. Shemeji alitaka tupitie saibani jioni hiyo hiyo, lakini ilikuwa siku ya alto, kungejaa. Nikamwambia aende zake kwa watoto wake. Niliweka CD juu ya kabati, nikaosha vyombo, nikakaa. Mashine nilikuja kuinunua baadaye, baada ya msimu wa majoho ya Krismasi. Sikuwa na haraka. Nilijua alipo.